Chupa ya Mama Mkwe

Kwa wiki sita mama mkwe wangu alidungwa sindano za ugonjwa usiokuwa wake, na aliyeandika cheti cha ugonjwa huo ni mimi. Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu najijua. Nikianza mbali nitapamba, nitaeleza jinsi nilivyokuwa mwangalifu, na msomaji atakapofika kwenye kosa atakuwa amekwisha nihurumia. Sitaki kuhurumiwa kabla ya wakati.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, na mimi nilikuwa nikivuka kila asubuhi kutoka Likoni kwenda kazini, katika maabara ya hospitali moja kisiwani. Sikuingia pale kwa elimu. Niliingia kuosha vioo. Bwana aliyekuwa akipima aliniruhusu kuchungulia hadubini wakati wa chakula cha mchana, naye akanipa kitabu cha Kiingereza kilichokwisha jalada. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne. Nilikisoma kitabu kile kwa kamusi, neno moja moja, nikachora picha zake zote kwa penseli nyuma ya karatasi za hospitali zilizoharibika: vijidudu vya malaria, minyoo, mayai ya kila namna. Bwana yule alipoacha kazi, daktari alipanga vioo kumi mbele yangu akaniuliza kila kimoja kina nini. Nilivitaja vyote. Toka siku hiyo nikawa mpimaji wa mkojo na choo, na toka siku hiyo sikupata raha.

Nilikuwa na hofu kwamba siku moja mtu atagundua kuwa sikusomea. Kila lebo niliisoma mara tatu. Niliwahi kutoka kwenye foleni ya feri, watu wakinitukana, nikarudi mbio hospitalini kuhakikisha kama nimeifunika hadubini. Nilikuwa nimeifunika. Mke wangu alisema nikifa nitafufuka kutazama kama kaburi limefukiwa sawasawa.

Watu wetu asili yao ni Rabai, na kwa desturi yetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Akija njiani, unapisha. Jina lake hulitamki. Kwa miaka miwili ya ndoa yangu nilimfahamu mama mkwe kwa visigino vyake na pindo la leso yake ikipotea nyuma ya nyumba. Alikuwa mjane, akiishi peke yake hatua chache kutoka kwetu, upande wa Bofu, akilima mpunga katika bonde lililo chini ya nyumba. Alfajiri nilikuta bamia mlangoni mwangu, au samaki amefunikwa kwa jani la mgomba. Mimi nilimpasulia kuni, nikazipanga ukutani kwake alipokuwa shambani. Hatukuwahi kupeana neno zaidi ya salamu, naye alizipokea akitazama pembeni. Nadhani tulipendana hivyo hivyo, kwa migongo.

Jioni moja mke wangu aliniambia, macho yake yakiwa kwenye chungu, kwamba mama yake anakojoa damu.

Nilimwuliza toka lini. Akasema toka kabla ya mvua, na kwamba sasa usiku anaamka kila mara kukojoa na kila mara anaumia. Sikushtuka. Katika lile bonde kila mtu alijua kichocho. Watoto wa pale waliona damu kwenye mkojo kama watoto wengine wanavyoona meno kung'oka. Lakini yeye hakuwa mtoto. Alikuwa mama mwenye wajukuu wakubwa, na nilipaswa kujiuliza kwa nini aanze leo. Sikujiuliza. Nilifikiri habari ya chupa.

Niliichemsha. Niliikausha juu chini. Jina sikuweza kuliandika, basi nikaandika namba tu. Nikamweleza mke wangu kwamba mkojo unaofaa ni ule wa karibu na saa sita mchana, tena matone ya mwisho, kwa sababu ndiyo yenye mayai. Nikamweleza tena. Kisha nikamwambia anirudishie maneno yangu nisikie kama ameyashika. Alinirudishia, akaifunga chupa ndani ya leso.

Siku ya pili chupa ilikuja imejaa. Niliuacha mkojo utulie kwenye bilauri nyembamba, nikachukua tone la chini, nikatazama. Yai la kwanza lilikuwepo karibu na ukingo wa kioo: refu, limetulia, na mwiba mmoja mkiani, kama nilivyolichora kwa penseli. Nililipata la pili na la tatu. Na hapa ndipo penye aibu yangu ya kwanza. Nilifurahi. Mama wa mke wangu alikuwa mgonjwa nami nilikuwa nikitabasamu peke yangu kwenye kiti, kwa sababu nilikuwa sahihi.

Daktari alichungulia, akakubali, akaandika dawa. Hakuwa na sababu ya kutilia shaka kazi yangu. Nilikuwa nimemzoesha kutoitilia.

Sindano za kichocho za wakati ule ziliingizwa mshipani, na zilikuwa kali. Mgonjwa alikohoa papo hapo, kikohozi kikavu cha kukata pumzi, kisha akatapika. Chumba cha sindano kilipakana na maabara. Sikuruhusiwa na desturi kumtazama mama mkwe, lakini ukuta ule ulikuwa mwembamba, na nikakijua kikohozi chake kuliko nilivyojua sauti yake. Mara tatu kwa wiki nilikisikia. Baadaye mke wangu alimshika mkono, wakashuka kwenda kwenye feri. Nilimpelekea ndimu za kunyonya. Nilijiambia kwamba haya ni maumivu ya kupona.

Hakupona. Wiki ya sita mke wangu alisema damu imezidi, sasa inatoka mabonge kama vipande vya maini. Nikaomba chupa nyingine, nikaipata, nikatazama. Mayai yalikuwepo. Nikayatia kwenye maji safi yenye uvuguvugu, kama kitabu kilivyofundisha, kwa kuwa yai lililouawa na dawa halianguliwi. Muda si mrefu yakaanza kupasuka, na vidudu vyake vikatoka vikiogelea kwa nguvu, vizima kabisa, kana kwamba havijapata kusikia habari ya sindano.

Nilianza kwa kujishuku mwenyewe. Nilipima tena kesho yake, na kesho kutwa. Nikashuku dawa, nikaenda kusoma maandishi ya kila kichupa. Siku ya tatu, nikiwa nimeinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, niliona kitu ambacho mtu asiyejua kusoma angekiona siku ya kwanza. Mkojo ule ulikuwa wa manjano. Ulikuwa na wekundu kidogo tu chini, kama kutu. Mabonge ya maini yalikuwa wapi?

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Nilikaa kwenye kizingiti.

"Huu mkojo ni wa nani?"

"Wa mama."

"Mama anatoa mabonge. Humu hamna hata moja."

Aliendelea na mchele wake. Alitoa jiwe, akatoa jingine. Kisha akauweka ungo chini.

"Ni wangu," alisema. "Na ule wa kwanza pia."

Hakulia. Aliniambia mama yake alikataa katakata, alisema afadhali afe kuliko mkwewe ashike mkojo wake na kuutia jicho. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umechemsha chupa. Umeandika karatasi. Umenieleza, ukanieleza, ukanifanya nikariri kama mtoto wa shule. Nirudi na chupa tupu nikutazame usoni?" Akausogeza ungo kando. "Nikasema, mimi na mama tumelima bonde moja, tumeoga maji mamoja toka nikiwa mgongoni mwake. Kilicho ndani yangu ndicho kilicho ndani yake."

Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi, na kila mara naiona ni hoja nzuri. Mtu yeyote wa bonde lile angeitoa. Kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitaja jioni ile ni kwamba mke wangu mwenyewe alikuwa na kichocho, na kwamba nilikuwa nimelala naye chumba kimoja miaka miwili bila kujua, mimi bingwa wa mayai.

Nilitaka nimwambie daktari tu, na mama mkwe aachwe bila kujua. Mke wangu alikataa. Alisema yeye ndiye aliyekosa kwa mama yake, na kwamba mtu aliyetapika wiki sita ana haki ya kujua ametapikia nini. Basi tulikwenda wote wawili kabla jua halijatua. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya mlango ulio wazi. Mimi nilikaa nje kwenye mkeka, nimeupa mlango mgongo, nikitazama kuku. Nilieleza yote. Niliyasema maneno niliyoyapanga njiani na nikayasema vibaya.

Kisha nikasikia sauti yake, na haikuelekezwa kwa binti yake kama desturi. Ilikuja moja kwa moja mgongoni kwangu.

"Nilijua," alisema.

Mke wangu akasema, "Mama?"

"Nilikuona ukienda nyuma ya migomba na chupa ya mumeo. Nikasema, basi, Mungu amenisitiri."

Nikamwuliza, nikiwatazama kuku, kwa nini basi alikubali zile sindano.

"Dawa ni dawa, nilifikiri. Na wewe ndiye uliyeileta. Ningeikataa, watu wa hospitali wangesema hata mama mkwe wake hamwamini."

Watu watatu, kila mmoja akimsitiri mwenzake, na ugonjwa katikati yetu ukikua bila kusumbuliwa na mtu. Niliona machozi yangu yakidondoka kwenye mkeka, nikashukuru kwamba nimempa mgongo.

"Sasa unataka nini?" akauliza.

Nilisema nataka daktari amtazame. Akauliza amtazame wapi. Mke wangu ndiye aliyemweleza kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, kwamba kipo kijibomba chembamba cha chuma chenye taa na kioo, ambacho huingizwa njia ya mkojo mpaka kibofuni, na daktari akaona kwa macho yake kilichomo. Nilisikia kitanda cha kamba kikilia.

"Na yule Mzungu atanielewaje, nami simwelewi? Nani atakuwa katikati?"

Hilo nilikuwa nimelijua tangu mwanzo. Daktari alikuwa na Kiswahili cha kuagizia chai, na mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lugha yake ilikuwa ya kwetu. Pale hospitalini mtu wa kujua lugha yake na kujua kazi ile alikuwa mmoja.

"Nitakuwa nyuma ya pazia," nilisema.

"Utanipa mgongo?"

"Nitakupa mgongo."

"Na macho utafumba."

"Nitafumba."

"Haya," alisema. Na chupa ya tatu, iliyokuja kesho yake asubuhi, ilikuwa yake kweli. Ilikuwa nyekundu mpaka mdomoni, na ingawa niliipima mara tatu sikuona ndani yake yai hata moja.

Kwa daktari niliungama pia. Nilitegemea kufukuzwa. Alinisikiliza, akapangusa miwani, akasema katika miaka yake yote hajapata kuona mpimaji aliyegundua chupa isiyo ya mgonjwa mwenyewe kwa kuangua mayai. Kisha akasema tusipoteze siku nyingine. Wema wake ulinichoma kuliko karipio.

Mama mkwe alitiwa dawa ya ganzi. Mke wangu alikuwa kichwani kwake, amemshika mikono. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia la kijani, uso ukutani, macho nimeyafumba kama nilivyoahidi, ingawa hakuna ambaye angejua kama ningeyafumbua. Daktari alisema, mimi nikageuza. Alegeze magoti. Avute pumzi. Sasa atasikia maji baridi yakiingia.

"Mwambie si maji tu," alisema mama mkwe. "Na mikono yake ni baridi kama ya samaki."

Nikageuza, nikiitia adabu. Daktari akacheka, akaisugua mikono yake, na nikasikia wote watatu wamepumua.

Baadaye alinichorea alichokiona. Aliogopa atakuta saratani ile ambayo kichocho cha miaka mingi huacha kibofuni, yenye kuoza na kula ukuta, ambayo alisema yeye hana la kuifanya. Lakini hakuona hivyo. Aliona uvimbe laini, wa mviringo, umesukuma ukuta kwa ndani, na ngozi ya kibofu imeufunika karibu wote, kama yai chini ya shuka. Mahali pamoja tu palikuwa pamechubuka, na damu ilitoka hapo. Alikata vipande viwili, kila kimoja mfano wa punje ya mchele. Hakuwa na uhakika ni nini, na alisema hivyo bila haya. Nilishangaa mtu mkubwa anaweza kusema hajui na bado akaendelea kunywa chai.

Vipande vile vilitiwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, vipelekwe Nairobi kwa gari la moshi, kwa mtaalamu wa kusoma nyama za wagonjwa. Nilivipeleka stesheni mimi mwenyewe. Chupa niliifunga kwa pamba, kisha kwa kitambaa, kisha kwenye kijisanduku, na ndani nikatia lebo mbili, moja ikipotea iwepo nyingine. Sasa jina lake niliandika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, nikatazama mlangoni kwanza kana kwamba naiba.

Wiki za kungoja barua zilikuwa za mke wangu. Daktari alimwanzishia sindano zilezile za kichocho. Mama mkwe, mwenye damu yake na maumivu yake, alivuka kila mara pamoja naye na kumshikia beseni. Kutoka nyuma ya ukuta nikasikia kikohozi kilekile kwenye kifua kingine, na sauti ya mama mkwe ikisema, "Tema. Tema, mwanangu. Hiki ndicho ulichonipakulia mimi." Kisha wakacheka, wote wawili, mmoja akitapika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu kitu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Barua ilipofika daktari aliniita na kufunga mlango. Uvimbe ule ulikuwa saratani, lakini si saratani ya kibofu chenyewe. Ilikuwa limfoma. Alinieleza taratibu. Mwilini mna tezi ndogo ndogo, za shingoni, za kwapani, za kwenye kinena, na ndani yake mna chembe zinazopigana na maradhi. Chembe hizo wakati mwingine hughafilika, zikazaliana bila kikomo, na hapo tezi huvimba. Lakini kuanzia kwenye kibofu, mahali ambapo hapana tezi, ni jambo la nadra sana. Mtaalamu wa Nairobi aliandika kwamba hajapata kukisoma kioo cha namna hiyo kwa macho yake mwenyewe, alikuwa amesikia habari zake tu.

Na hii ndiyo aibu yangu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Niliposikia neno "nadra," moyo wangu ulitulia. Kwa punje ya dakika nilifikiri: basi hakuna ambaye angelijua. Mtu alikuwa amehukumiwa na mimi nilikuwa natafuta cheti changu cha usafi. Kisha nikakumbuka zile wiki sita, na utulivu ukaisha.

Ilibidi kujua kama ugonjwa uko mahali pengine. Daktari alimpapasa shingo, kwapa, kinena na bandama. Kifua kilipigwa eksirei. Damu yake nilipewa mimi. Nilizihesabu chembe nyeupe mara nne, nikazitazama moja moja kama mtu anayetafuta mwizi katika harusi. Zote zilikuwa za heshima. Uvimbe ulikuwa kibofuni tu, na hiyo, daktari alisema, ndiyo bahati yake. Aina hii huyeyuka kwa miale ya eksirei kuliko saratani nyingi. Nairobi palikuwa na mashine ya kuchomea, na daktari wake alikuwa tayari kujaribu.

Kumweleza mama mkwe ilikuwa kazi yangu. Niliandika nitakayosema mara tatu, nikachana mara tatu. Nilikwenda kukaa kwenye mkeka uleule.

"Mama, umewahi kupata mtoki?"

"Nani hajapata?" alisema. Kila mtu wa shamba anaujua: unajikata mguuni, na kesho yake uvimbe umetoka kwenye kinena.

"Basi huu ni kama mtoki, lakini umeota kibofuni, bila kidonda. Na wenyewe haurudi nyuma."

"Utaniua?"

"Ukiachwa, utakuua. Ukichomwa kwa miale daktari ana matumaini." Nilitaka kuishia hapo. "Mimi sijui, mama."

"Afadhali," alisema. "Mara ya kwanza ulikuwa unajua."

Walikwenda yeye na mke wangu, na koti langu la baridi kwa sababu alikuwa hana. Walikaa Nairobi kiasi cha wiki sita, kwa jamaa wa kanisa. Mke wangu aliandika kila wiki. Aliandika kwamba mama amepigwa alama za wino wa zambarau tumboni kama gunia la bandarini, na ameambiwa asizioshe, na jambo hilo linamkera kuliko saratani. Kwamba chumba cha mashine mtu huachwa peke yake, mlango ukafungwa, na mashine inavuma kama kinu cha unga. Siku ya kwanza mama aliita jina la marehemu mumewe. Kwamba ngozi imekuwa nyeusi na inawasha, na mkojo unachoma kuliko zamani. Barua ya wiki ya nne ilikuwa na mstari mmoja juu kabisa, kabla ya salamu: damu imekatika.

Mimi nilibaki na mpunga. Ulikuwa umeanza kushika punje, na asipokuwepo mtu wa kuamia, ndege wanaumaliza. Kabla ya kwenda kazini na kila Jumamosi nilishuka bondeni na kombeo. Niliingia majini na viatu vya mpira vya hospitali, virefu mpaka magotini, kwa kuwa nilijua nini kinaogelea mle, na wanawake wa mashamba ya jirani walifurahi sana.

"Bwana daktari anaogopa tope," alisema mmoja.

"Si tope," alijibu mwenziwe. "Anaogopa mkewe akirudi atamkuta na miguu kama yetu."

Sikuweza kulenga. Nilipiga kila kitu isipokuwa ndege. Hatimaye mama mmoja alinionea huruma, akaja kuniamia pande zote mbili kwa kelele tu, huku mimi nikiokota mawe na kuyapanga kwa ukubwa.

Waliporudi mama mkwe alikuwa amekonda, koti langu limemfika magotini. Daktari alisema tungoje miezi mitatu ngozi ya ndani ipone, ndipo atazame tena. Miezi ile sitaieleza. Nilipima mkojo wake kila wiki, naye alinipa bila ubishi, na kila wiki niliogopa rangi yake kabla ya kuifungua leso.

Siku ya kutazama nilisimama tena nyuma ya pazia, macho nimefumba. Nilisikia maji, nikasikia chuma kikiguswa na chuma. Daktari aliniambia kwa Kiingereza kwamba uvimbe haupo. Alisema ameuzunguka ukuta wote mara mbili na anachokiona ni kovu dogo jeupe.

Nilifungua kinywa nigeuze na maneno hayakutoka. Lugha yangu mwenyewe, niliyonyonya nayo, sikuiona.

Upande wa pili mama mkwe alingoja. Kimya changu alikielewa kwa namna yake. Kisha akasema, kwa upole ambao sikustahili, "Sema tu, mwanangu. Hata kama ni hilo, sema. Sitakulaumu."

"Hakuna kitu," nilisema. "Mama, hakuna kitu. Kimekwisha."

Nilisikia mke wangu akianza kulia. Daktari, ambaye hakuelewa neno, aliuliza kama nimefasiri vizuri.

Tulishuka kivukoni watu watatu, mimi mbele kama desturi. Feri ilikuwa upande wa pili. Palikuwa na mama akikaanga muhogo pale, na mama mkwe alisema ana njaa. Kwetu mwanamke hali mbele ya mkwewe. Hata maji atageuka pembeni. Nikawapa mgongo nikatazama watu wanaopanga baiskeli zao. Nikasikia karatasi ikifunguliwa, nikasikia mtu akitafuna, akiomba pilipili zaidi na ndimu, akilalamika kwamba Nairobi hawajui muhogo. Kisha mkono ulinigusa bega. Ulikuwa na kipande kikubwa, cha moto, pilipili ikimwagika.

"Hukula toka asubuhi," alisema mama mkwe. "Shika, utaniunguza."

Nilishika. Tulikula tumesimama, na sikujua nitazame wapi.

Daktari alikuwa ameniambia kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, na kwamba lazima aonekane kila baada ya miezi michache, pengine kwa miaka. Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba sitamficha tena jambo lolote. Lakini pale kivukoni alikuwa akilamba ndimu vidoleni, nami sikusema. Nilimwambia kesho yake asubuhi, mlangoni kwake, baada ya kumwamkia. Alisema alikuwa ameshajua, kwa jinsi nilivyokuwa nikiutafuna ule muhogo.